Wifi wa Ijwi

Asubuhi ile Constance alisinzia akiwa amesimama. Alikuwa ameegemea kabati la bandeji katika wodi ya wazazi, mkasi mkononi, na hakujua kama amefumba macho mpaka mkasi ulipoanguka sakafuni. Alipofumbua macho alimkuta mtawa mkuu wa hospitali amesimama mbele yake, mikono ndani ya mifuko ya aproni.

"Citoyenne M'Bisimwa," alisema mtawa yule, kwa jina lililoandikwa kwenye kadi ya kazi, maana siku hizo serikali ilitaka kila mtu aitwe raia, citoyen, na majina ya ubatizo yalibaki nyumbani. "Nenda ukapumzike. Wiki hii sitaki kuona uso wako hapa."

"Ma sœur, leo kuna mama wawili ambao—"

"Watazaa bila wewe. Nenda."

Alivua aproni yake polepole. Hakufurahi wala hakusikitika. Miaka sita ya ujane ilikuwa imemfundisha kupokea kila kitu kwa uso uleule: kazi za usiku, ada ya shule ya Colombe, binti yake aliyekuwa kwa masista kwenye njia ya Bunyakiri, ugonjwa wa mama mkwe wake uliomalizika kwa mazishi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wanawake aliowazalisha walimwita mama, hata waliomzidi umri.

Nje ya lango mvua ndogo ilikuwa inanyesha, ile ya Bukavu isiyo na haraka. Philémon alikuwa pale, amevaa abacost, suti yake ya kijivu isiyo na tai, mwavuli umefunguliwa.

Philémon alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya barabara. Alizaliwa Kamituga, kwenye milima ya dhahabu, na hukohuko ndiko alikomzika mke wake. Tangu walipojuana, miaka miwili iliyopita, alikuwa akimngoja Constance kwenye lango hilo kila alipoweza, na kila mara alimsindikiza mpaka kwenye kona ya njia ya kwake, hakupita hapo. Majirani wana macho.

"Umechoka," alisema akimfunika kwa mwavuli.

"Kila mutu iko nachoka."

"Hapana. Weye unachoka hata saa ya kucheka. Juzi ulicheka nikaona macho yako haikucheka."

Walitembea. Bega lake liligusa mkono wa Philémon, na hakuliondoa.

"Wamenipa congé, nipumzike wiki hii," alisema baadaye.

Philémon alisimama katikati ya njia. "Congé? Kweli? Basi twende Ijwi."

Constance alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Ijwi! Miaka yote aliyoishi Bukavu alikiona kisiwa kile siku ukungu ulipoondoka ziwani, kikiwa mbali upande wa kaskazini, na hakuwahi hata siku moja kufikiria kwamba mtu anaweza kukiendea bila kuwa na msiba au biashara.

"Tukafanye nini kule?"

"Kulala. Kula nanasi. Kuoga ziwani kama unajua kuogelea."

"Sijuwe."

"Basi kulala. Kule hakuna mutu atakuamusha usiku kusema mutoto anakuja. Hakuna mutu atatujua. Nitakaa pembeni yako nikuone unalala, ni ile tu nataka."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akitazama barabara. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amtakie Constance usingizi.

"Bateau ya kuvuka ziwa inatoka siku gani?" aliuliza. "Tutalala wapi? Kuna hoteli?"

"Sijuwe," alisema Philémon kwa aibu. "Barabara za kule nimezichora juu ya karatasi, lakini mimi mwenyewe sijafika. Hakuna mutu wa kule unamujua?"

Constance alimjua mmoja. Alimjua vizuri mno, ndiyo sababu alinyamaza mpaka walipofika kwenye kona yao.

"Wifi yangu," alisema hatimaye. "Godelive. Dada mukubwa wa Pascal. Aliolewa kule. Na sasa iko hapa Bagira, kwa ndugu yake Ignace, alikuja kuuzisha kahawa yake."

Jina la Pascal, mume wa Constance aliyefariki, lilipotajwa, Philémon alihamisha mwavuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hakuwahi kumwonea marehemu wivu. Alimwogopa tu kidogo, kama anavyoogopwa mwenye nyumba aliyesafiri.

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia naenda na Agathe, tunafanya naye kazi."

"Constance, sipendi uende kusema uwongo juu yangu."

"Basi nipatie mutu mwingine wa Ijwi."

Hakuwa naye. Wakaagana bila kugusana, jinsi walivyozoea.

*

Nyumba ya Ignace ilikuwa moja ya zile nyumba za mstari za Bagira, ua wake umezungushiwa uzio wa miti ya miyenzi. Constance alifika alasiri, baada ya kulala kidogo usingizi wa kukatikakatika. Alimkuta Godelive peke yake uani, ameketi juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti nzito na mikono iliyokwaruzwa na kahawa, na alipomwona wifi yake aliweka ungo chini, akamshika mashavu kwa viganja viwili.

"Mama Colombe! Kumbe umebaki mifupa? Hospitali wanakula batu siku hizi?"

"Mulamu, salamu kwanza," alisema Constance, akimwita wifi yake kwa neno la nyumbani.

"Salamu gani na sura hii? Kaa. Kunywa chai."

Alikunywa. Walizungumza juu ya Colombe, juu ya bei ya kahawa, juu ya bwana wa Godelive aliyekuwa mzee sasa na aliyebaki kisiwani na magoti yake mabaya. Kisha Constance alisema, akitazama kikombe, kwamba amepewa congé, na kwamba yeye na Agathe wa kazini wamewaza kwenda kupumzika Ijwi, ila hawajui pa kuanzia.

Uso wa Godelive uliwaka. Miaka yote aliyoishi kule, hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumwuliza habari za kisiwa chake isipokuwa bei ya ndizi.

"Muende na bateau ya asubuhi," alianza, akiinua kidole. "Ya mchana musipande, hata kama ni bure. Mchana upepo unaamuka, na muko batu ya mulima, mutatapika mpaka jina zenu. Uchukue tricot ya baridi. Batu wanafikiri ziwa ni joto! Mukishuka, mutaona wasichana wa nanasi. Usinunue kwa wa kwanza. Wa kwanza anauzisha kwa wageni. Pita, panda kidogo, utaona mama moja mwenye jicho moja. Nanasi yake unakula, unalia."

Constance alijikuta anatabasamu. "Na kulala?"

"Kwa mission ya mapadri kuna vyumba ya wageni. Safi, lakini kengele! Saa kumi na moja ya asubuhi, kengele juu ya kichwa yako. Weye unataka kulala. Hapana. Kule chini, karibu na kijito, kuna muzee alikuwa mupishi wa wazungu. Alibaki na kanyumba kao, veranda inaangalia maji. Anapika samaki ya sambaza na ndimu, na viazi... Unakaa pale jioni, unaona mitumbwi ya wavuvi inatoka. Wanaimba, Mama Colombe. Wanapiga kasia wakiimba, na sauti inakuja juu ya maji mpaka kwa kitanda. Unalala kama mutoto."

"Na kuoga?"

"Kule hakuna mamba, hakuna kiboko, usiogope. Ila uulize wenyeji mbele ya kuingia. Pahali maji inatoka mapovu, usiende. Na kisha kuoga, mutapanda kwa kilima ya nyuma, jua ikiwa chini. Kule juu unaona maji pande zote. Unaona kama hakuna mutu iko na haki ya kukuita." Akachagua haragwe bovu, akalitupa. "Mimi napandaka kule nikichoka."

Constance alifumba macho. Kwa kitambo alikuwa tayari kule juu, jua usoni, na mkono wa Philémon karibu na wake.

"Agathe anapenda sambaza?" aliuliza Godelive.

"Anapenda."

"Ile Agathe mwenye sauti ya juu? Alipita hapa jana kumusalimia muke wa Ignace." Aliinua ungo, akaupepeta. "Alisema anateremuka Uvira, mama yake iko mugonjwa."

Maharagwe yalirushwa juu yakarudi, yakarushwa tena. Constance hakuwa hata na nguvu ya kutunga uwongo wa pili.

"Ni mwanaume," alisema Godelive.

"Ndiyo, mulamu."

"Jina?"

"Philémon. Anafanya kwa ofisi ya barabara."

"Bibi yake?"

"Alikufa. Kule Kamituga."

Godelive aliweka ungo chini. Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Constance zaidi. "Kwa hiyo umekuja kwangu, miye dada ya Pascal, nikuonyeshe kitanda ya kulala na mwanaume mwingine. Na miye, mujinga, nimekupa mpaka na wimbo wa wavuvi."

"Sikukuwa na mwingine wa kuuliza."

"Ungeuliza mapadri!"

"Nisamehe." Constance aliiweka mikono yake miwili mapajani, akaitazama kama si yake. "Sikuja kukutukana. Niko nachoka, mulamu. Naamuka nachoka, nalala nachoka. Yule mutu hajanishika hata mukono mbele ya batu. Ananingoja kwa mvua, miaka miwili sasa. Alisema anataka kuniona nalala. Ni hivyo tu. Sijapata kusikia mutu ananiambia vile."

"Na miye nimesikia," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Ignace, mdogo wa Pascal, amerudi kutoka kazini, koti mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuwa mwanaume mwembamba, mwenye adabu, aliyebeba mabati ya paa la nyumba ya Constance kwa mabega yake mwenyewe mwaka ule wa msiba. Constance aliinuka kwa heshima.

"Shemeki."

"Usiniite shemeki." Alisogea hatua moja uani. "Bado unakaa kwa nyumba ya kaka yangu. Mutoto wake anabeba jina yake. Na weye unatafuta kisiwa ya kujificha?"

"Nilitaka kupumzika, Ignace."

"Olewa, basi! Hakuna mutu amekufunga kamba. Lakini Colombe ni mutoto wetu. Grandes vacances, likizo kubwa ya shule, inakuja, atateremukia hapa, na hatarudi kwako. Mutu wa barabara hatamulea mutoto wa Pascal."

"Colombe nilimuzaa miye!" Hapo ndipo sauti ya Constance ilipovunjika. "Nilimuzaa, nikamunyonyesha, nikamupeleka shule. Mama yenu alipolala kitanda miezi yote ile, nani alimugeuza? Nani alimuosha? Sikulipisha. Nilifanya sababu alikuwa mama yangu pia. Leo unaniambia mutoto ni wenu?"

Ignace alifunika macho kwa mkono. "Nilimuzika kaka yangu mara moja," alisema, na sasa haikuwa hasira tena. "Munataka nimuzike mara ya pili."

Nje ya ua jirani alikuwa anapasua kuni, na kila pigo lilisikika wazi. Constance alibaki amesimama hivyo hivyo, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Ignace, kaa," alisema Godelive.

"Yaya, dada yangu, siwezi—"

"Nilikubeba mugongoni mbele ujue kutembea. Kaa."

Akakaa kwenye kizingiti.

"Mama yetu alikufa mikononi mwa huyu," alisema Godelive. "Mimi nilikuwa ng'ambo ya maji. Weye ulikuwa kazini, kwa bureau. Ile siwezi kusahau, na weye usisahau." Akamgeukia Constance, na macho yake hayakuwa ya upole. "Kwa muzee mupishi hutalala. Kwa mission hutalala. Utalala kwangu. Na yule mwanaume atakuja kwangu, na atalala kwa chumba ya magunia ya kahawa, na mulango itabaki wazi. Nitamuangalia. Nikiona ni mubaya nitakwambia, na utanisikia."

"Na ukiona ni muzuri?" aliuliza Ignace kwa sauti ndogo.

Godelive aliokota ungo wake.

*

Siku nne baadaye, Godelive alipomaliza kuuza kahawa yake, walivuka ziwa na bateau ya asubuhi. Philémon alikuwa ameshona kifungo kilichokosekana kwenye abacost yake, na alimsalimia Godelive kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kama mwanafunzi. Godelive aliketi katikati yao. Maji yalikuwa shwari, lakini Philémon, mtoto wa milima ya dhahabu, aligeuka rangi kabla hawajapoteza nyumba za Bukavu machoni. Godelive alitoa ndimu kwenye kikapu, akampa bila kumtazama.

"Nusa. Usiangalie maji, angalia mulima."

"Aksanti, mama."

Hayo ndiyo waliyoambiana njia nzima. Constance aliona kila kitu kama kwa mbali. Kelele ya mota ilimwingia mwilini, na macho yalijifunga yenyewe. Walipofika nyumbani kwa Godelive, nyumba ya udongo yenye paa la bati katikati ya kahawa, alionyeshwa kitanda, akaketi ili avue viatu, na hakukumbuka kuvua cha pili.

Alilala siku ile, akalala usiku ule. Mara moja alihisi mtu akimvua kiatu na kumfunika blanketi. Mara moja alisikia wavuvi, au aliota. Mama mwenye nanasi hakumwona, kilima hakukipanda, maji hakuyagusa hata kwa kidole.

Alipoamka jua lilikuwa limepita kichwani, na mwili wake ulikuwa mwepesi, mgeni kwake. Akakaa kitandani akitazama miguu yake. Nyuma ya ukuta, upande wa jiko, watu wawili walikuwa wanazungumza. Mmoja alikuwa Godelive.

"Asubuhi usimusemeshe mbele hajakunywa chai. Si hasira. Ni vile tu hajafika."

"Ndiyo, mama," ilijibu sauti ya Philémon.

"Radi inamuogopesha, lakini hatakwambia. Ukisikia mvua kubwa, rudi nyumbani, tafuta sababu yoyote. Na akisema 'hakuna kitu', usitoke. Kaa pale. Pascal alikuwa anatoka anaenda kunywa na rafiki, na yeye anabaki na ile kitu peke yake. Nilimwambia Pascal. Hakunisikia." Ukuni ulivunjwa. "Alikuwa muzuri, ndugu yangu. Lakini ile hakunisikia."

"Mimi nitakaa, mama."

"Kwa mutoto, usijifanye baba yake. Ngoja. Atakuita jina atakayotaka, hata kama ni monsieur, uitike. Na kwa Ignace, uende kisha misa ya Jumapili, weye mwenyewe. Usipeleke wakubwa wa kukusemea. Atakufukuza. Rudi Jumapili ingine. Atakufukuza tena, lakini ile mara ya pili atakuwa ameuliza kama umekula. Ignace moyo yake ni hivyo."

"Na Colombe? Atamuchukua kweli?"

"Colombe hatachukuliwa na mutu. Mimi ndiye mukubwa wa ile nyumba."

Constance alisimama peku, mkono juu ya ukuta. Udongo ulikuwa na joto la jua. Kisha akatoka.

Philémon alimwona kwanza. Alikuwa amekaa juu ya kigogo, mikono ya shati ameikunja, anamenya viazi vibaya, maganda manene. Aliinuka haraka, kisu mkononi, akamtazama usoni kwa muda mrefu, bila haya, kama mtu anayesoma habari aliyoingoja.

"Umelala," alisema.

"Nimelala."

Godelive hakugeuka. Alikuwa anachochea moto. "Sasa congé yote umemaliza kwa kitanda. Kesho bateau inarudi, na hujaona kitu hata moja."

"Mulamu."

"Sema."

Constance alikuja akapiga magoti pembeni yake, kwenye moshi. Neno alilotaka kulisema lilikuwa limemkaa kifuani tangu Bagira, labda tangu zamani zaidi, na lilimwogopesha kuliko Ignace, kuliko maneno ya majirani.

"Nikiolewa na huyu, nitakuita nani?"

Fimbo ya moto ilisimama mkononi mwa Godelive. Mabega yake mapana yalianza kutikisika. Tangu msiba, mbele ya watu, alikuwa hajawahi kulia; alikuwa mkubwa, alikuwa na mazishi ya kuongoza, kahawa ya kuchuma, bwana mwenye magoti mabaya.

"Utaniita mulamu, vile unaniitaka siku zote," alisema kwa shida. "Ama unataka kunifukuza, weye? Nilimupoteza Pascal. Na weye pia nikupoteze?"

Constance alimkumbatia. Godelive aliachia kilio kikubwa, kilio cha miaka, akimwita ndugu yake kwa jina lake la utotoni, na Constance alilia naye, akitaja jina la mume wake kwa sauti, jina ambalo kwa miaka miwili hakuthubutu kulitaja mbele ya Philémon bila kutazama chini.

Philémon hakuwasogelea. Aliondoa sufuria iliyokuwa inaungua, akaweka viazi vyake ndani ya maji, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, kwenye kahawa, awaachie nafasi ya kumlilia Pascal mpaka watosheke.